Kubadilisha stendi kubwa ya Honda Cub ya zamani: bomba na matundu kwanza

Honda ilianza kuuza Super Cub mwaka 1958, na kufikia 2017 zilikuwa zimeshatengenezwa milioni 100. C50, C70 na C90 za zamani bado zinatembea, na kila mara utamkuta mtu ameifufua moja iliyokuwa imelala stoo miaka mingi. Injini zake ni ngumu kufa. Huku chini ndiko kunakochakaa, na stendi kubwa, ile ya miguu miwili inayoinua gurudumu la nyuma, ni miongoni mwa vya kwanza kulalamika.

Dalili zake hazijifichi. Pikipiki ikisimamishwa inaegemea upande mmoja, au tairi la nyuma linagusa chini wakati lilitakiwa kuning'inia. Ukipita kwenye tuta unasikia chuma kikigonga. Ukilala kwenye kona, stendi inakwaruza lami.

Wengi wakiona hivyo hukimbilia dukani, wananunua stendi mpya, wanaifunga, na baada ya muda mfupi mambo yanarudi yale yale. Mara nyingi stendi si ndiyo iliyokufa. Kilicholika ni bomba linalopita katikati yake, au matundu ya fremu yanayolibeba bomba hilo. Stendi mpya ikiwekwa kwenye tundu lililopanuka italegea vilevile. Ndiyo maana humu nitakaa sana kwenye bomba na matundu, na kufunga stendi yenyewe kutachukua mistari michache.

Ilivyofungwa

Chini ya fremu, nyuma ya injini, kuna masikio mawili ya chuma yenye matundu. Bomba moja linapita kwenye masikio yote mawili, na stendi inazunguka juu yake. Upande wa kulia, pedeli ya breki ya nyuma nayo imevaa bomba hilo hilo. Kwa hiyo kazi hii ni ya breki pia, na ifanywe kwa uangalifu unaostahili breki. Bomba linazuiwa lisichomoke kwa washa na pini ya miguu miwili, ile ambayo mafundi huiita spliti pini.

Halafu kuna springi tatu za kuzijua. Nzito inaishikilia stendi juu. Ya pili inarudisha pedeli. Nyembamba kuliko zote inatoka kwenye pedeli kwenda kwenye swichi ya taa ya breki. Piga picha za simu kabla hujafungua chochote, kulia na kushoto, karibu kabisa. Jinsi ndoano za springi zilivyokaa ni kitu ambacho kichwa hukisahau haraka.

Tafuta ugonjwa kabla ya kununua

Mpe mwenzako aishike pikipiki wima. Kunja stendi juu nusu, shika mguu wake mmoja, uusukume kulia na kushoto, juu na chini. Usiangalie mguu unaotikisika, angalia kule juu kwenye maungio.

Kama bomba limetulia ndani ya masikio ila stendi inacheza juu yake, kilicholika ni bomba au koo la stendi, yaani tundu lake refu linalovaa bomba, na kwa kawaida ni vyote viwili. Hapo nunua stendi na bomba kwa pamoja. Bomba jipya ndani ya koo lililopanuka, au koo jipya juu ya bomba lililolika, ni kutupa fedha.

Kama bomba lenyewe linaruka ndani ya masikio, matundu ya fremu yamekuwa ya mviringo wa yai. Hii ni kazi ya kuchomelea, na ifanyike kabla stendi mpya haijagusa pikipiki.

Kama hakuna kinachocheza na bado tairi linagusa chini, tazama nyayo za stendi. Zimesuguliwa na saruji na kokoto miaka mingi, huenda zimebaki nyembamba au zimeisha kabisa. Tazama pia kizuizi, pale stendi inapogota ikiwa imeshushwa. Kizuizi kikibonyea, stendi inapita mbele kuliko inavyotakiwa na pikipiki inakaa chini zaidi. Magonjwa haya mawili yanatibika bila kununua stendi: fundi anachomelea kipande cha chuma kwenye nyayo au kwenye kizuizi, na kazi imeisha. Mimi napendelea stendi ya asili iliyorekebishwa vizuri kuliko stendi mpya ya bomba jembamba lisilojulikana lilikotoka.

Kuna jambo jingine ambalo huleta lawama za bure kwa stendi. C90 ilitoka kiwandani na matairi ya 2.50-17. Aliyevisha tairi nene zaidi nyuma amepunguza nafasi kati ya tairi na ardhi, hata kama stendi ni nzima.

Kununua

Nenda dukani na stendi ya zamani mkononi. Kama haiwezekani, nenda na vipimo vinne: urefu wa koo la stendi kutoka ncha hadi ncha, kipenyo cha ndani cha koo hilo, umbali kutoka katikati ya koo hadi kwenye unyayo, na mahali ndoano ya springi ilipo. Stendi za C50, C70, C90 na zile za pikipiki za Kichina zenye injini ya mtindo wa Cub hufanana sana kwa macho, lakini milimita chache za koo zinatosha kuiharibu kazi yote. Koo fupi kuliko nafasi ya masikio litateleza kulia na kushoto na kuilaza pikipiki.

Nunua pia springi mpya, spliti pini mpya na washa. Springi ya zamani hata ikionekana nzima imeshavutika maelfu ya mara, na pini iliyokunjwa na kunyooshwa haifai kurudishwa. Kama ekzozi itafunguka, na mara nyingi itafunguka, ongeza gasketi yake.

Vifaa

Spana za kawaida, koleo, bisibisi, nyundo, brashi ya waya, msasa, grisi, na mafuta ya kulainisha kutu au dizeli kama hayapo. Tafuta kipande cha mti mgumu chenye unene wa bomba, kwa ajili ya kugongea. Pia kipande cha waya wa klachi au breki uliokwisha kazi, utakifungia springi. Vaa miwani ya kazi. Springi ya stendi ikichomoka ghafla hailengi mahali, na jicho halina spea.

Kuisimamisha pikipiki isiyo na stendi

Hapa ndipo watu huumia. Cub haifikishi kilo 100, na wepesi huo huwafanya watu wasiifunge. Usiilaze ubavu: petroli itamwagika kupitia kabureta, na betri ya maji itamwaga asidi kwenye rangi na miguuni mwako.

Sukuma gurudumu la mbele mpaka ligote ukutani. Fungia mkono wa breki ya mbele kwenye mshikio kwa mpira wa tyubu ili gurudumu lisizunguke. Chini ya injini weka gogo au kreti imara yenye ubao juu, kimo kinachoinua gurudumu la nyuma kidogo tu. Bolti ya kumwagia oili iko pale chini ya injini, kwa hiyo panga mbao mbili zenye pengo katikati ili uzito usiikalie. Kisha funga kamba kwenye keria na uipandishe kwenye boriti ya banda au tawi nene la mti. Kamba haibebi uzito, inazuia tu kuanguka. Itikise pikipiki kwa nguvu kabla hujaingiza mkono chini. Ikiyumba, rudia.

Kufungua

1. Toa ekzozi kama imeziba njia ya bomba, na kwenye Cub nyingi imeziba. Kuna nati mbili kwenye kichwa cha silinda na kifungio cha nyuma. Zile nati mbili za mbele zinakaa kwenye stadi nyembamba, yaani bolti zisizo na kichwa. Kama zina kutu, zilowanishe mafuta na uzisubiri. Stadi ikikatika kwenye silinda, kazi ya stendi imegeuka kazi ya injini.

2. Fungua nati ya kurekebishia breki kwenye gurudumu la nyuma, chomoa fimbo ya breki. Rudisha nati na springi yake kwenye fimbo ili zisipotee.

3. Chomoa springi ya swichi ya taa, kisha springi ya pedeli.

4. Springi kubwa. Izungushe stendi polepole kwa mkono huku ukitazama umbali kati ya ndoano mbili. Pale umbali unapokuwa mfupi kuliko kwingine ndipo pa kuichomoa. Pitisha waya wa klachi kwenye jicho la springi, funga kitanzi kwenye kipande cha mti, vuta ukiwa umekaa pembeni, si mbele yake.

5. Nyoosha miguu ya pini, ichomoe, toa washa. Zipange washa chini kwa mfuatano zilivyotoka.

6. Toa bomba. Likitoka kwa kusukumwa, mshukuru aliyelitunza kabla yako. Kwa kawaida limeshika kutu.

Bomba lililoganda lina haki ya subira. Lilowanishe kwenye maungio yote, asubuhi na jioni, na uliache usiku kucha. Kisha jaribu kulizungusha kwa koleo kubwa kabla ya kuligonga. Likishazunguka hata kidogo, vita imeisha. Ukigonga, gonga kupitia kile kipande cha mti. Nyundo ikipiga ncha ya bomba moja kwa moja, ncha inatanuka na bomba halitapita tena kwenye tundu, mbele wala nyuma.

Likikataa bado, kuna njia isiyohitaji nguvu za nyundo. Bomba lina uwazi ndani. Pitisha humo fimbo ndefu yenye nyuzi za nati. Upande mmoja weka washa isiyozidi unene wa bomba, na nati yake. Upande wa pili, ule ambao bomba litatokea, vika kipande cha bomba pana kinachoegemea sikio la fremu, kisha washa kubwa na nati. Kaza nati hii taratibu: bomba lililoganda litavutwa na kuingia ndani ya lile pana. Hakuna kinachopinda, hakuna kinachopasuka. Hakikisha tu hujavuta upande wenye kichwa au kizuizi cha bomba.

Usitumie moto hapa. Kwenye Cub tangi la mafuta liko chini ya siti, karibu juu ya mahali unapofanyia kazi. Kama moto hauepukiki, tangi lifunguliwe na kupelekwa mbali kwanza, na kabureta limwagwe.

Matundu ya fremu

Safisha masikio kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane. Ingiza bomba jipya kwenye kila sikio, moja moja, bila stendi. Linatakiwa kuingia kwa mkono na kuzunguka bila kucheza. Likicheza kiasi cha kuonekana kwa macho, usiendelee.

Dawa ya tundu lililopanuka si kujaza chuma cha kuchomelea ndani yake na kutoboa upya kwa kubahatisha. Mpelekee fundi wa kerezo, mashine ya kuchonga chuma, bomba jipya, akutengenezee vibati viwili vya mviringo, vinene, vyenye tundu linalolingana kabisa na bomba hilo. Vibati hivyo vinachomelewa kwenye nyuso za masikio, na tundu lao ndilo litakalobeba bomba kuanzia hapo. Kubaliana na fundi vikae upande gani. Vikikaa kwa ndani vinakula nafasi ya stendi, vikikaa kwa nje vinakula urefu wa bomba na huenda pini isifike.

Namna ya kuchomelea ndiyo inayoamua kama stendi itasimama sawa. Pitisha bomba kwenye masikio yote mawili na vibati vyote viwili kwa wakati mmoja, stendi ikiwa ndani. Fundi ashike kila kibati kwa vidonda viwili vitatu vidogo tu. Kisha zungusha stendi: inapita huru? Bomba linatoka na kuingia kwa mkono? Miguu yote miwili inakaa sawa ukiitazama kutoka nyuma? Likiwa sawa, toa bomba na amalizie, kidogo huku, kidogo kule, ili joto lisivute masikio. Fremu ya Cub ni bati lililokandamizwa na kuunganishwa, haina unene wa fremu za mabomba, na fundi aliyezoea mageti anaweza kuitoboa kwa sekunde. Mwambie atumie fimbo nyembamba za milimita 2.5 na moto mdogo.

Kabla hajawasha mashine, tangi liwe limeshatoka, betri iwe imefunguliwa, na waya wa ardhini ubanwe karibu kabisa na mahali panapochomelewa. Ukibanwa kwenye gurudumu, umeme utapita kwenye bearingi na kuziumiza.

Pikipiki ikiwa wazi hivi, kagua pia mahali uma unaobeba gurudumu la nyuma unapozungukia, na bomba la kukanyagia miguu. Hutapata nafasi nzuri kama hii karibuni.

Kufunga

Jaribu kwanza bila grisi. Pitisha bomba, stendi na pedeli, na uhakikishe vyote vinazunguka huru. Rangi ya kiwandani mara nyingi imeingia ndani ya koo la stendi. Isugue kwa msasa uliozungushwa kwenye kijiti. Usimgongee mtu mzima kwenye nguo ya mtoto: bomba lililoingia kwa nyundo litazunguka kwa shida na kuikamata pedeli ya breki.

Hilo ndilo la kuogopa kuliko yote. Pedeli inayonata kwenye bomba hairudi juu yenyewe, breki ya nyuma inabaki imeshika, ngoma ya breki kwenye gurudumu inachemka, na dereva hajui.

Toa tena vyote, paka grisi ya kutosha kwenye bomba lote, ndani ya koo la stendi na ndani ya jicho la pedeli. Pitisha bomba kwa mfuatano uleule wa kwenye picha zako. Weka washa, pini mpya, kunja miguu yake pande mbili tofauti, na ukate ncha zinazobaki ili zisichane mguu wa mtu.

Springi kubwa inarudi kwa njia uliyoitolea: stendi ikae pale umbali ni mfupi, uvute kwa kitanzi cha waya. Kama springi ni mpya na ngumu, ibane kwenye jiriwa, ipinde upande mmoja, penyeza sarafu au washa nyembamba kwenye mianya inayofunguka, kisha ipinde upande wa pili ufanye hivyo hivyo. Itabaki imerefuka. Ivike kwenye ndoano zake, isukume stendi kwa mguu, na sarafu zitadondoka zenyewe. Hakikisha umeziokota zote.

Rudisha springi ya pedeli, springi ya swichi, fimbo ya breki, kisha ekzozi na gasketi mpya. Zile nati mbili za silinda zikazwe kwa zamu, kidogo kidogo, bila kutumia ubavu.

Breki kabla ya stendi

Kabla hujaifurahia stendi, rekebisha breki. Pedeli ya Cub inatakiwa iwe na mchezo wa milimita 20 hadi 30 kabla breki haijaanza kushika. Kaza au legeza nati ya kwenye gurudumu mpaka uupate. Zungusha gurudumu kwa mkono: lisisuguane. Kanyaga na uachie mara nyingi, pedeli iruke juu kila mara bila kusitasita. Washa swichi, kanyaga, mwombe mtu aangalie taa ya nyuma. Isipowaka, au ikiwaka muda wote, sogeza swichi juu au chini kwa nati yake.

Majaribio

Sasa simamisha pikipiki kwenye sakafu iliyo sawa. Nyayo zote mbili ziguse, na gurudumu la nyuma lizunguke bila kugusa chini. Tazama kutoka nyuma kama limesimama wima. Kunja stendi: iruke juu na kubaki juu, isiguse cheni, isiguse tairi, isigonge ekzozi. Kwenye baadhi ya matoleo kuna kipira kinachopokea stendi inapokunjwa. Kisipokuwepo, stendi itagonga chuma kwa chuma na kukaa juu kuliko ilivyopimwa. Tia kipira kingine.

Toka nayo polepole, pita kwenye tuta dogo, sikiliza. Pinda kushoto na kulia mahali pasipo na magari. Stendi ikishuka hata mara moja, simama. Stendi inayoshuka ukiwa mwendoni inaweza kuchimba ardhi kwenye kona na kuinua gurudumu la nyuma.

Kuitumia

Mtu anayeinyanyua pikipiki kwa mgongo hajafundishwa stendi kubwa. Simama ubavuni, mkono mmoja kwenye mshikio, mwingine kwenye keria. Shusha stendi kwa mguu mpaka nyayo zote mbili ziguse, na hapo isimamishe pikipiki wima kabisa. Kisha uweke uzito wako wote kwenye mkono wa stendi unaokanyagwa. Pikipiki itapanda yenyewe kurudi nyuma, mikono inaiongoza tu.

Usiikalie ikiwa juu ya stendi, na usimpandishe mtoto akae anachezea honi. Usipakie gunia ikiwa imesimama hapo. Kiki ya Cub iko kulia, na kila unapoikanyaga kwa uzito wako wote pikipiki ikiwa juu ya stendi, unalisukuma sikio moja la fremu kuliko lingine. Ishushe kwanza kwenye magurudumu, kisha upige kiki.

Baada ya wiki moja ya kutembea, rudi chini uangalie pini, ndoano za springi na nati za ekzozi. Msimu wa mvua na matope ukiisha, chomoa bomba, lifute, ulipake grisi upya. Ni kazi ya nusu saa likiwa halijaganda.